Maziwa Yaliyokuja Baada ya Ndanu

Wiki mbili zilizopita mwanamke mmoja alikuja kibandani kwangu Mitaboni, ninaposhona sare za shule. Alikuwa amebeba mtoto mchanga, na kwa jinsi alivyomshika, kama mtu aliyebeba sufuria ya jirani, nilijua mtoto si wa kumzaa. Alinunua vifungo sita ambavyo hakuvihitaji. Halafu akainama juu ya cherehani na kuniuliza, "Ati ni ukweli? Ati wewe ulinyonyesha na haujazaa?"

Nilimwambia ni kweli. Akataka kujua nilianza vipi, ilichukua muda gani, iliuma wapi. Nilimjibu yote. Kuna jambo moja hakuniuliza na mimi sikumwambia. Nimeona niliandike hapa pamoja na hayo mengine, kwa faida ya yeyote atakayeshika njia hii.

Kizazi changu kilitolewa nikiwa na miaka thelathini na mbili, katika hospitali moja mjini Machakos. Mume wangu, Mutinda, alikuwa amekufa kwa ajali mwaka uliotangulia, na mimi nikawa natokwa na damu mwezi mzima bila kupumzika. Nilidhani ni huzuni, kumbe ulikuwa uvimbe. Walinitundikia chupa mbili za damu ya watu nisiowajua, wakanishona, na siku ya nane nikarudi nyumbani Kathiani nikitembea kwa kuinama. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, na sasa hata wa kuotwa hakuwepo.

Mama mkwe wangu, Mwaitu Kalekye, alinikanda kidonda kwa maji ya chumvi kwa miezi miwili. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na huyo alikuwa mama kweli. Kidonda kilipofunga alikaa mbele yangu na kusema, "Nyumba ya mwanangu haitafungwa kama duka. Utaoa."

Ukambani mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa msichana. Msichana huyo huitwa iweto. Kwa desturi ya nyumba yetu, huolewa kwa jina la mwana ambaye hukujaliwa kumzaa. Mbuzi hupelekwa kwao kama kwenye arusi yoyote, naye hujitafutia mwanamume wake bila kuulizwa ni nani, na watoto anaowazaa ni wajukuu wako. Kanisani waliposikia walinitoa kwenye kwaya. Sikubishana nao, kwa sababu hata mimi sikuwa na uhakika nilikuwa nafanya nini. Mwana wangu asiyekuwepo tulimpa jina Kioko, na mke wake akatoka Masinga. Jina lake lilikuwa Ndanu.

Ndanu alikuwa na miaka ishirini na kicheko cha kuudhi. Akipakua isyo, mahindi yetu na maharagwe, alikuwa akishika sahani ya nne na kuuliza, "Mwaitu, tumwekee Kioko, ama amekula huko kwa hewa?" Mama mkwe alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Mimi sikucheka. Najua ni upuzi kumlilia mtu ambaye hakuwahi kuwa hata tone, lakini kila alipotaja jina hilo nilihisi amemshika mwanangu kwa mikono michafu. Aliposhika mimba mambo yakawa mabaya zaidi. Tumbo lake lilikuwa likitangulia mlangoni kabla yake, na mimi nilikuwa na kovu. Nilimwonea wivu, na neno hilo silipambi.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Niño, zilizoanza Oktoba zikakataa kuondoka. Asubuhi moja mwezi wa Novemba nilikuwa nimekaa kwenye cherehani niliyokuwa nayo nyumbani, pini mdomoni, Ndanu akaja akasimama mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya ndala, mwingine nje.

"Mwaitu, miguu yangu haiingii kwa ndala. Na kichwa kinaniuma vibaya."

Nilimwambia bila kutoa pini mdomoni, "Miguu inavimba kwa sababu ya kukaa. Chukua hizi sare upeleke Mitaboni."

Akazifunga mgongoni akaenda, kwenye matope yale. Kesho yake alisema anaona vitu kama kumbikumbi wakiruka mbele ya macho. Nikamwambia yeye si mwanamke wa kwanza duniani kubeba mimba. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alianguka jikoni akaanza kutetemeka na kuuma ulimi. Magari hayakuweza kupita. Wanaume wanne walimbeba kwa kitanda mpaka zahanati, mtoto akazaliwa huko, msichana mdogo kama kiatu. Ndanu hakufungua macho kumwona. Alikufa kabla ya saa nane.

Mama yake alifika siku mbili baada ya mazishi, kwa sababu mito kati yetu na Masinga ilikuwa imejaa. Alisimama kando ya udongo, matope yamemfika magotini. Hakulia. Aliniuliza, "Alikuwa anaugua nini?"

"Ilimshika ghafla," nikasema.

Alitazama kaburi, akatazama mtoto aliyekuwa mikononi mwa mama mkwe. "Na hii maji yote siwezi vuka na yeye. Mvua ikiisha, nitarudi nimchukue."

Hakuna aliyembishia. Kwa desturi mtoto alikuwa wa nyumba yetu, lakini nani angemweleza desturi mwanamke aliyesimama pale?

Mama mkwe akampa mtoto jina langu, Mumbua, kwa kuwa binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na baba alikuwa Kioko, na mama ya Kioko nilikuwa mimi. Nikawa na wajina aliyelia mchana kutwa. Tulimpa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, tukampa ya kopo yalipopatikana, na yote yalipita ndani yake kama maji kwenye mchanga. Maji ya kisima yalikuwa yameingiliwa na mafuriko; tulichemsha lakini hayakuaminika. Wiki ya tatu ngozi ya mapaja yake ilikuwa imekunjana kama ya mzee. Aliacha kulia kwa nguvu, na ukimya huo ndio ulionitisha.

Asubuhi hiyo mama mkwe alimweka mtoto mapajani mwangu, akaanza kunifungua vifungo vya blauzi.

"Mpe."

"Mwaitu, hapa hakuna kitu."

"Mtoto hajui kwamba hakuna. Mpe. Mimi nilinyonyesha mtoto wa dada yangu wakati nilikuwa nimeshamaliza kuzaa, na leo ni askari."

Nilimwambia kwamba yeye alikuwa amezaa saba, mimi hata kizazi sina. Akanijibu kwamba hajawahi kuona maziwa yakitoka huko chini. Nikampa mtoto titi. Alishika kwa hasira, akavuta, akaona amedanganywa, akaachia na kunitazama. Nilitaka ardhi inimeze.

Siku iliyofuata gari moja lilipata njia mpaka Machakos, nikaenda kliniki. Yeyote anayeanza jambo hili ajue kwamba sehemu kubwa ni kukaa kwenye benchi. Nilikaa kati ya wanawake waliojaa maziwa mpaka nguo zimelowa, nimemfunika mtoto kwa shuka ili wasione mifupa. Karani aliyekuwa akijaza kadi aliuliza kwa sauti ya kusikika na benchi zima, "Mama ya mtoto ni nani?"

"Amekufa."

"Na wewe ni nani?"

Nilifikiria niseme nyanya, kama desturi ilivyotaka, na miaka yangu thelathini na minne. Nikasema, "Mimi ndiye niko naye." Akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Sista aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakucheka. Aliniambia inawezekana, ila nipimwe damu kwanza, kwa ajili ya zile chupa mbili nilizoongezwa hospitalini. Miaka hiyo mnajua tulivyoogopa Ukimwi. Majibu yalichukua wiki mbili, na katika wiki hizo mbili sikumgusisha mtoto kifua. Tulimlisha kwa kijiko kwa maelekezo ya sista, kidogo kidogo, na kuharisha kukapungua kidogo. Niliporudi, sista aliniita kwa jina la kwanza kabla sijakaa, nikajua ni salama. Ndanu hakuwa amepimwa kamwe. Mtoto naye alipimwa baadaye, alipofika mwaka na nusu, akaonekana mzima.

Sista ndiye aliyenifundisha mpira. Ulikuwa mpira mwembamba kama uzi mnene, mwisho mmoja ukiwa ndani ya kikombe cha maziwa, mwingine ukibandikwa kwa plasta kando ya chuchu. Mtoto akivuta titi, maziwa ya kikombe yanamfikia, naye anaamini yametoka kwako. "Unamdanganya yeye na unadanganya mwili wako," sista akasema. "Mmoja atakubali." Kila saa mbili, mchana na usiku, na mpira kuchemshwa kila mara. Alinipa pia vidonge vidogo vyeupe vya wiki tatu, vilivyonifanya nisinzie kwenye cherehani.

Chuchu zilipasuka kama visigino vya kiangazi. Nilizipaka samli, nikauma shuka, nikaendelea. Wiki ya pili matiti yalianza kuwa mazito, yakauma kama jino. Mikono ikawa myembamba na kifua kikakua, nikalazimika kufungua mishono ya blauzi zangu zote na kuongeza kitambaa. Dada wa marehemu mume wangu alisema nimeanza kurukwa na akili. Wanawake wa kanisa walisema namnyonyesha mtoto hewa. Mmoja wao, kumbe, alikuwa akiacha mfuko wa unga wa wimbi mlangoni kila Jumamosi na kwenda zake bila kubisha. Nilimjua kwa alama ya baiskeli yake kwenye matope. Sijawahi kumshukuru, kwa sababu alionekana hataki.

Wiki ya tano ya mpira, maembe yakiwa yameiva mpaka yanaoza chini ya miti, nilikuwa nimetoa mpira niusuuze. Mtoto alikuwa bado ameshika titi tupu. Mama mkwe akainama.

"Mumbua, angalia mdomo."

Pembeni mwa mdomo palikuwa na weupe. Nilisema ni mabaki ya kikombe. Mama mkwe alinibana titi kwa vidole vyake vigumu, na tone likatoka, likakaa pale. Akanitemea mate kifuani mara mbili, baraka ya kizee, kisha akatoka nje kulia kwa sababu hapendi kuonwa.

Hapo ndipo ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi, na nilifurahi, kwa siku moja. Kesho yake ndipo lile jambo lilipoanza.

Sekunde chache kabla maziwa hayajashuka, moyo wangu ulikuwa ukididimia. Ni kama ukiwa mbali na nyumbani na kukumbuka umeacha kitu motoni. Tumbo linapoa, mikono inakosa nguvu, na unajua kwa uhakika kwamba umefanya kosa lisilorekebishika. Kisha maziwa yanakuja, mtoto anameza, na baada ya dakika mbili tatu hofu inaondoka. Mara nane, mara kumi kwa siku. Na kila mara ilipokuja, Ndanu alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani ya ndala na mwingine nje.

Sikumwona kama ninavyoona watu. Nikiinua kichwa palikuwa na mlango na mwanga na kuku. Lakini nilijua yupo, jinsi unavyojua mtu amesimama nyuma yako kwenye foleni. Alikuwa akitazama mtoto wake akimeza, halafu akinitazama mimi. Nilianza kunyonyesha nikigeukia ukuta. Nikajua yuko nyuma yangu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikarudi kugeukia mlango.

Nilimwambia mama mkwe. Hakushtuka hata kidogo. "Si ni mtoto wake," akasema, akiendelea kupepeta mbaazi. "Wacha aangalie."

Nilimwambia sista pia, ile ya hofu tu, siyo ya mlangoni. Alisema amewahi kusikia wanawake waliozaa wenyewe wakieleza hivyohivyo, maziwa yakishuka roho nayo inashuka, na kwamba si uchawi wala si wazimu. Kwa hivyo wewe unayesoma, ikikujia, usidhani umerogwa. Kunywa maji, shika kitu kigumu, ngoja. Itapita. Mimi nilishika mguu wa kitanda. Ila sista hakujua nilichomwambia Ndanu nikiwa na pini mdomoni, na hakuna kidonge cha kitu hicho.

Mtoto akaanza kunenepa. Mwezi wa Machi niliacha mpira kwa mchana, Aprili nikauacha kabisa, nikimwongezea uji mwepesi. Maziwa hayakuwa mengi kama ya mwanamke aliyezaa. Nawaambia ukweli ili msijilaumu. Yalitosha kumfanya alale akiwa ameshika shati langu. Kadi yake ilikuwa na mstari uliopanda, na nilikuwa nikiutazama kila jioni. Halafu nilikuwa nikitoka nje kutazama mawingu. Wakulima wote wa Kathiani walikuwa wamechoka na mvua mwaka huo. Mimi peke yangu niliomba isiishe.

Iliisha mwezi wa Mei. Juni, kwenye baridi na ukungu, nilikuwa nimekaa kitandani nikimnyonyesha. Hofu ikaja. Nikashika mguu wa kitanda, nikajua yupo mlangoni, na nikainua kichwa kama kawaida, nikitarajia kuku.

Palikuwa na mtu. Paji la uso lilikuwa lilelile, na mabega yaleyale. Sijui nilitoa sauti gani. Mtoto aliachia titi akaanza kulia.

"Ni mimi," mama ya Ndanu akasema. "Nimepiga hodi mara mbili."

Alikuwa na kiondo kipya cha mkonge, kikubwa, chenye shuka ndani yake ya kumbebea mtoto. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alitazama kifua changu kilicholowa, na mtoto mnene aliyekuwa akigombana nacho. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Novemba. Ilikuwa na desturi ndani yake, na mbuzi waliopelekwa, na kadi ya kliniki. Nilipofungua mdomo hayo yote hayakutoka.

"Haikumshika ghafla," nikasema. "Aliniambia kichwa kinamuuma. Aliniambia miguu imevimba. Siku mbili aliniambia. Nikamtuma Mitaboni na mzigo."

Aliuliza polepole, "Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu."

Nje kuku walikuwa wakichakura. Mama ya Ndanu alishika mkanda wa kiondo kwa mikono miwili, akawa anauvuta kama anataka kujua utakatika lini. Sikuweza kumwangalia. Nilingoja ainuke, amchukue mtoto, na nilijua nisingeinua mkono. Mtoto alikuwa bado analia, akitafuta kwenye titi lile lile lililoisha.

"Mpe upande ule mwingine," akasema. "Huyo hajashiba."

Nikamgeuza. Chuchu ikamponyoka mtoto mara mbili, mama ya Ndanu akainuka, akaja, akamshikilia kichwa kwa kiganja chake mpaka akashika vizuri. Kisha akarudi kwenye kigoda chake na kulia, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia kaburini. Mama mkwe alikuja akakaa chini kando yake. Mtoto akameza.

Alikaa kwetu siku nne. Hakunisemesha isipokuwa kuhusu mtoto. Siku ya tano asubuhi alijaza mbaazi kwenye kile kiondo, akakifunga.

"Nilikupa mtu mzima ukanirudishia udongo," akaniambia. "Mimi sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini huyu akitolewa kwa hayo maziwa atakufa, na mimi sitazika wawili. Kila Desemba utamleta Masinga nimwone. Mwaka moja usipokuja, nitarudi na wazee."

Nimempeleka kila Desemba. Mumbua mdogo sasa yuko darasa la tatu, na ana kicheko kile cha kuudhi. Ananiita Mama, na nyanya yake wa Masinga hajamrekebisha. Amejua kwamba aliyemzaa analala chini ya mparachichi, na siku moja atajua na yale mengine, kwa kinywa changu, kabla hajayasikia kwa mtu.

Nilimwachisha alipofika miaka miwili. Nilipaka shubiri, akanuna siku tatu, basi. Hofu ile iliondoka pamoja na maziwa. Wiki za kwanza nilikuwa nikikaa kitandani wakati wa kunyonyesha, nikitazama mlango, na hapakuwa na mtu. Nilidhani ningefurahi. Nikaona nyumba imekuwa kubwa.

Yule mwanamke wa vifungo alipokuwa akiniaga siku ile, mtoto wake alilia, kilio kile cha njaa cha wiki za kwanza. Ni miaka sita na zaidi tangu niache. Lakini kifua changu kilisisimka, moyo ukadidimia, na nikajua kuna mtu amesimama kwenye mlango wa kibanda. Nilitoa pini mdomoni. Nikavuta kiti cha wateja, nikakigeuzia mlango.

"Kaa chini, Ndanu," nikasema. "Upumzishe miguu."